Farasi mnene hafungishwi

Arua na Koboko, nchini Uganda, farasi ni mnyama wa kusimuliwa tu. Sababu ni ndorobo: vimelea vya ugonjwa wa nagana anavyovibeba humwangusha farasi vibaya kuliko ng'ombe wa kienyeji. 

Kwa hiyo mfano wetu wa farasi mnene uko Nairobi. Farasi wa mbio wa uwanja wa Ngong hupewa nafaka kwa sababu anaichoma kazini. Akistaafu, kazi huisha lakini ndoo huenda ikaendelea kuja imejaa vilevile, na masika nyasi za kikuyu zimestawi malishoni. Mwenye mali hufurahi kumwona anang'aa. Saisi ndiye anayegundua kwamba mshipi wa tandiko haufiki tena kwenye tundu lake la zamani.

Hatari ya unene huu iko miguuni. Farasi mnene mara nyingi huwa na insulini nyingi katika damu, na insulini hiyo hudhoofisha nyama laini inayoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Mwaka 2007 watafiti wa Queensland, Australia, waliwatilia insulini poni wenye afya. Ndani ya saa 72 wote walikuwa wanachechemea. Ugonjwa huu wa kwato ukizidi, mfupa hushuka ndani ya ukwato.

Basi mtu hushtuka na kumfungia farasi bandani bila chakula. Binadamu hufunga Ramadhani na kufuturu salama, lakini usimfungishe farasi mnene, sembuse poni au punda. Akikatiwa chakula ghafla, mwili humwaga mafuta mengi kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Damu ikichotwa, maji yake huonekana meupe kama maziwa, na wengi wanaofikia hapo hufa. Tena tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile, na likikaa tupu hufanya vidonda.

Kinachotakiwa ni utepe mrefu wa kupimia. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Mzingo wa 190 na urefu wa 160 ni kama kilo 486. Farasi huyo apewe kila siku kilo 8 hivi za nyasi kavu zilizokomaa, zikiwa zimelowekwa maji ili sukari ipungue, na maji hayo yamwagwe. Nafaka, pumba na molasi ziondolewe. Chumvi na madini vibaki. Kama kwato ni nzima, atembezwe kila siku. Akipungua kilo 3 hadi 5 kwa wiki, inatosha.

Mbavu huenda zikaanza kupapasika nundu ya mafuta ingali shingoni. Kwa punda nundu hiyo huweza kukakamaa na kulalia upande mmoja, na ikifika hapo hainyooki tena, hata akikonda.