Bakuli la ndege mbele ya nyumba ya mjane

Katika nyumba za zamani za migodi, Likasi, Kolwezi, Kipushi, Lubumbashi, mara nyingi tunakuta mbele ya mlango kitu cha simenti ambacho hakuna anayejua tena kazi yake. Pengine ni chungu kikubwa chenye masikio mawili, pengine bakuli pana juu ya nguzo fupi, la ndege kunywea maji. Waliokipanga walikwisha kwenda. Nyumba zikapata watu wengine, pambo likabaki.

Mama mmoja mjane aliniita kwa sababu ya bakuli la namna hii. Kijana wake alitaka kulivunja apate mawe ya kujenga choo. Tulipofika tuliona maji ya mvua yamesimama ndani, na vidudu vidogo vikicheza-cheza humo. Ni watoto wa mbu. Katika joto letu siku kumi hivi zinatosha ili waruke. Kijana alikuwa na haki. Lakini mama alisema: “Pasta, ile kitu bwana yangu alikuwa anaipaka rangi kila Noeli. Namna gani nitaipiga nyundo?”

Nikamwambia, tusilivunje, tulijaze udongo, tupande ile mimea yenye majani manono ambayo kwa Kifaransa huitwa plantes grasses. Inaweka maji ndani ya majani yake, nayo inavumilia kiangazi chetu tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa. Kwa mama anayebeba bidoni kichwani, hiyo si habari ndogo.

Shauri lilikuwa zuri, kazi yangu ilikuwa mbaya. Nilijaza mawe chini, kiisha udongo mweusi wa bustani juu, nikapanda. Mwezi wa kwanza mvua ikanyesha. Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu. Mimea ikaoza yote, ikanuka. Mama hakunilaumu, na ile ndiyo iliniumiza zaidi.

Kosa la kwanza: bakuli halikuwa na tundu. Kosa la pili ni lile la mawe, na wengi tunalifanya. Tunafikiri maji yatateremka upesi kati ya mawe. Sivyo. Udongo laini unashika maji kama sifongo, hauyaachilii kuingia mahali penye nafasi kubwa mpaka umeshiba kabisa. Basi mizizi inakaa katika matope juu ya mawe makavu. Changarawe inafaa ichanganywe na udongo wote, si kuwekwa chini peke yake.

Safari ya pili tulianza na tundu. Bakuli nyingi hazikushikana na nguzo, vijana wawili wanaweza kuinua. Tuliliweka juu ya mchanga mwingi, ili mchanga upokee nguvu ya nyundo. Hakukuwa na umeme wala mashine ya kutoboa, tulitumia burini nyembamba na nyundo ndogo, tukilowesha mahali pale mara kwa mara. Pigo ndogo-ndogo, bila haraka. Anayetaka kumaliza kwa pigo tano atapata vipande viwili. Ukikuta chuma ndani ya simenti, sogea kando kidogo. Tulitoboa matundu matatu, kila moja upana wa kidole gumba, tukayafunika kwa kipande cha wavu wa dirisha ili udongo usitoke.

Sasa ile rangi ya marehemu. Ilikuwa inabanduka, na kijana alikwisha kuchukua kipande cha chupa ili aikwangue. Nikamzuia. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, ile plomb, na vumbi lake linaharibu akili ya mtoto mdogo, hata ya mtoto aliye tumboni. Mwaka 1921 mataifa yaliyokutana Geneva yalipatana kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kazi ya ndani ya majengo. Kazi ya nje haikuguswa, na bakuli la bustani liko nje. Kwa hiyo: rangi iliyoshikamana vizuri iacheni. Ile inayobanduka ilowesheni kwanza, isugueni ikiwa na maji, juu ya plastiki, watoto wakiwa mbali na mama mwenye mimba vilevile. Vipande vifungwe katika plastiki ileile, visitupwe katika shamba la lengalenga. Msivichome. Kiisha kunaweni.

Udongo ni sehemu moja ya udongo wa kawaida, moja ya mchanga mnene wa mto, moja ya matofali yaliyovunjwa ao makala yaliyopondwa. Kina cha sentimita 15 kinatosha. Lakini msichukue ile changarawe nyeusi ya tanuru, skori, hata kama iko bure kando ya njia, wala mchanga wa mabaki ya kiwanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na watoto walikuwa na nyingi kupita wakubwa. Vumbi tunalo la kutosha, tusilete lingine mlangoni.

Katika kuchagua mimea tulibishana kidogo. Mama alitaka ile yenye miiba na maua mekundu tunayoita taji ya Kristo, kwa ajili ya jina lake. Mimi ni mchungaji, ningefurahi. Lakini ukikata tawi linatoa maziwa meupe yanayochoma ngozi na macho, kama maziwa ya mnyaa ule wa ugo, na wajukuu wake wanne wanacheza palepale. Alinyamaza, kiisha akasema: “Basi, iache.” Tulipanda aloe katikati, portulaka kandokando, na ile mirefu yenye majani kama panga ambayo wasemao Kifaransa waliiita ulimi wa mama-mkwe. Mimi sisemi neno, mama-mkwe wangu anasoma gazeti hili. Mwenye mbuzi asipande kalanchoe mahali wanapofika: inawaua.

Vipande vya kupanda vilikaa kivulini siku tano ili kidonda kikauke, na maji tulitia baada ya juma moja. Sasa wakati wa mvua hawatii kitu. Kiangazi ni kila majuma mawili, na mjukuu wa pili ndiye mwenye kazi hiyo. Kipimo ni kikombe cha chai cha babu yake, kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Anatia vikombe vitatu, anainama chini ya bakuli, anangoja aone kama tundu litatoa tone.