Ukomo wa ajira na haki ya mzee



Mji wa Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, umesimama juu ya jasho la watu wa aina mbili. Wapo wenye barua za ajira: walimu, wauguzi, makarani wa halmashauri na watumishi wa shamba la miti la Sao Hill. Wapo pia wasio na barua: wapakia magogo, wapasua mbao, vibarua wa mashamba ya chai na mama lishe wa kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Mtu wa kundi la kwanza anaujua mwaka wa kuondoka kazini tangu siku aliyoajiriwa. Wa kundi la pili hana tarehe. Ataacha kazi siku mgongo utakapokataa.

Je, ni haki sheria imwondoe mtu kazini kwa sababu tu ametimiza umri fulani?

Hapa Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na hulazimika kustaafu akifikisha 60. Si wote walio chini ya kipimo hicho. Katiba ya mwaka 1977 imempa jaji wa Mahakama ya Rufani hadi miaka 65, na maprofesa na madaktari bingwa wa serikali nao walisogezewa hadi umri huo. Kenya ilitoka 55 kwenda 60 mwaka 2009. Uingereza iliifuta mwaka 2011 kanuni iliyomruhusu mwajiri kumstaafisha mtu kwa kutimiza miaka 65 tu. Basi umri huu ni makubaliano ya wanadamu, na makubaliano yanaweza kupimwa kwa mizani ya uadilifu.

Nguvu na uaminifu

Katika Surat al-Qasas tunasimuliwa habari ya Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Aliwakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao wasikaribie maji, wakamweleza kuwa baba yao ni mzee sana. Baadaye mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri Musa, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee akaweka mkataba wa miaka minane, na kama Musa angetimiza kumi, hiyo ingekuwa hiari yake.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, mzee yule alikuwa amepumzika kazi ngumu, lakini hakupoteza heshima wala kauli. Yeye ndiye aliyefunga mkataba. Pili, kipimo cha kazi kilikuwa uwezo na amana. Tatu, muda wa kazi ulijulikana tangu mwanzo kwa pande zote mbili.

Historia yetu yathibitisha hilo la pili. Mwaka wa 11 Hijria, Usama bin Zaid, kijana ambaye kwa kauli mashuhuri hakuwa ametimiza miaka ishirini, alipewa uongozi wa jeshi lenye masahaba wakubwa. Mwaka huo huo Abubakar (R.A.) alishika ukhalifa akiwa na umri wa karibu miaka 60, umri ambao leo mwalimu wa Mafinga anakabidhi chaki.

Kwa nini basi tusiufute ukomo na kumpima kila mtu kwa uwezo wake? Hoja hiyo ni nzuri, ila yaulizwa: nani atapima? Kama mkubwa wa ofisi ndiye atakayeamua nani amezeeka na nani bado, tutakuwa tumefungua mlango wa upendeleo na fitina. Mwenye kujipendekeza atabaki, na asemaye kweli ataambiwa amechoka. Vijana wenye vyeti nao watangoja viti visivyoachwa. Tarehe iliyo sawa kwa wote humlinda mnyonge. Kwa sababu hiyo ukomo ubaki, na pale kazi inapohitaji ujuzi adimu usogezwe kwa sheria iliyo wazi, kama ilivyofanyika kwa madaktari bingwa.

Mkataba una pande mbili

Hata hivyo, anayemwambia mzee aondoke siku yake imefika, naye amlipe siku hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Aliyetumikia miaka thelathini na zaidi, jasho lake limekauka zamani. Mwajiri anayekata mchango wa mfanyakazi na asiupeleke kwenye mfuko anakula amana.

Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na sekta binafsi ikabaki NSSF. Tangu hapo mjadala wa kikokotoo haujapoa. Waliozoea kupata asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo walishushiwa hadi 33 kuanzia Julai 2022, kisha bajeti ya mwaka 2024/25 ikawapandisha hadi 40. Kwa mwalimu ambaye hajamaliza kuezeka nyumba yake, tofauti hiyo ni bati na saruji.

Familia nazo zijitazame. Mzee akilipwa, watoto hukumbuka njia ya nyumbani. Huyu ataka mtaji, yule ataka mchango wa harusi, mwingine amshawishi baba anunue lori la mbao ilhali maisha yake yote alishika chaki. Baada ya mwaka fedha zimekwisha na wageni wametoweka. Ndugu zangu, mirathi haigawanywi na mwenyewe yu hai!

Asiye na ukomo

Turudi kwa wapakia magogo. Kupata pensheni ya kila mwezi kwahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kibarua wa miezi mitatu hapa na miwili pale ataifikishaje? Kwake yeye kukosa ukomo maana yake ni kukosa pumziko.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee asiye Mwislamu akiombaomba. Akamchukua, akaamuru atunzwe kutoka Baytul Mal, kwa hoja kwamba si uadilifu kunufaika na ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Zanzibar ilipiga hatua ya namna hiyo Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Bara nako kwafaa kufike huko.

Wakati tukingoja, mwenye kibanda au genge ajiunge NSSF kwa hiari angali na nguvu. Mwenye kiwanda cha mbao awaandikishe watu wake. Na leo, baada ya sala ya Ijumaa, kila mmoja wetu amtazame mzee anayebeba mzigo mtaani kwake na ajiulize: ujana wake nani aliula?

Wabillahi tawfiiq.