Hodhi la Kioo Kando ya Kitanda

Aliyepata kuingizwa katika mojawapo ya nyumba za mawe za zamani pale Lamu, akapita daka la mlangoni na kiwanda, yaani ua wa ndani, akavuka kumbi ziitwazo misana hata akafika chooni, huenda aliliona birika la chokaa lililojengewa ukutani, na ndani ya maji yake samaki wadogo wawili watatu wakienda na kurudi polepole katika kiza. Na lau aliinama akatazama vyema, aliona chini kabisa bakuli la kauri la Kichina lililozamishwa katika sakafu ya birika, ambalo kazi yake ni kuwasitiri samaki hao maji yapunguapo, wasije wakabaki pakavu. Samaki wale hawakuwekwa kwa pambo. Waliwekwa ili wawale viluwiluwi wa mbu, na wazee wetu wakakaa nao nyumba moja, hatua chache tu kutoka mahali pa kulala, bila ya waya, bila ya bomba, na bila ya sauti yoyote iliyoweza kumwamsha mtu usiku.

Nililikumbuka birika hilo mwaka ule nilipotia hodhi la kioo chumbani mwangu mjini Mombasa. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, likichukua lita 60 za maji au zaidi kidogo, nami nilinunua pamoja nalo pampu ya hewa na samaki wa dhahabu kumi, kwa kuwa aliyeniuzia alinihakikishia ya kwamba maadamu pampu inafanya kazi usiku na mchana, idadi ya samaki si neno. Nikaliweka juu ya kabati la mninga, dhiraa mbili kutoka kwenye mto wa kitanda changu. Usiku wa kwanza sikulala. Palikuwa na mvumo mzito, usiopanda wala kushuka, ambao haukuwa ukisikika masikioni tu bali hata katika mbao za kitanda. Na juu ya mvumo huo palikuwa na mchakato mwembamba wa viputo, mithili ya mafuta yakaangayo kitu jikoni kwa jirani.

Alfajiri niliiinua pampu mkononi, na hapo nikastaajabu, kwa sababu iliponing'inia hewani ilikuwa karibu kimya. Hikima yake ni nyepesi kwa mwenye kujua namna mashine hiyo ilivyoundwa. Ndani yake mna sumaku ya umeme inayokivuta na kukisukuma kijiti chenye ngozi ya mpira, na kwa kuwa umeme wa nchi zetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, kijiti nacho hutetema kwa kadiri hiyo hiyo, kikipuliza hewa kila kitetemapo. Pampu yenyewe ni ndogo mno kuweza kuisukuma hewa ya chumba kizima. Lakini ukiilaza juu ya kabati, mtetemo wake hushuka katika ubao, na ubao ule mpana ndio uimbao, kama vile nyuzi za udi zisivyokuwa na sauti ya kutosha mpaka zifungwe juu ya tumbo lake la mbao. Nikaitundika kwa uzi katika msumari wa ukutani, na nusu ya bughudha ikaondoka siku ile ile. Niliitundika juu ya usawa wa maji, na yeyote atakayefanya hivyo na asilisahau sharti hili, kwani pampu ikiwa chini ya usawa huo, umeme ukatikapo maji huweza kurudi nyuma katika mrija, yakajaza pampu, kisha yakamwagika sakafuni hata hodhi lipungue sana.

Ukabaki ule mchakato wa viputo. Mwaka 1933 Marcel Minnaert, mwanafalaki wa Utrecht katika Uholanzi, aliyekuwa na desturi ya kuyatafiti mambo madogo ambayo watu huyapita njiani, alipiga hesabu akabainisha ya kwamba maji yatiririkayo aghalabu hayalii kwa kugongana yenyewe kwa yenyewe, bali kinacholia ni hewa iliyonaswa ndani yake: kila kiputo kizaliwapo hubanwa na maji kikanywea, kikatanuka, kikabanwa tena, kwa mapigo ya haraka mno, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo sauti yake ilivyo nyembamba. Kiputo ambacho nusu kipenyo chake ni milimita 1 hulia kwa mitetemo 3,300 hivi kwa sekunde. Cha milimita 3 hulia kwa 1,100. Na sikio la binadamu lina ukali wake mkubwa baina ya mitetemo 2,000 na 5,000, kwa hiyo kiputo kile kidogo, ambacho nguvu yake ni haba kuliko ya nzi, hutupiga pale pale tunaposikia vyema. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilipendekeza kwamba kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isipite desibeli 30, kiasi ambacho ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na jiwe la viputo litiwalo kwenye ncha ya mrija, likichemka karibu na mto, huweza kukizidi bila ya taabu.

Katika kulichunguza jambo hili la sauti nilikutana na habari iliyonitia haya kwelikweli. Sauti iliyozaliwa ndani ya maji haitoki humo kwa urahisi: inapofika usoni pa maji na kukutana na hewa, karibu yote hurudishwa chini, na kwa hesabu ya kawaida ni sehemu moja hivi tu katika elfu moja ya nguvu yake ndiyo ivukayo. Maana yake ni kwamba kile kilichoninyima usingizi mimi kilikuwa ni masazo tu. Karamu yenyewe, kama ni halali kuiita hivyo, walikuwa wakilishwa samaki.

Na samaki husikia. Zamani wako wataalamu waliokana, kwa kuwa samaki hana tundu la sikio wala ndewe, lakini Karl von Frisch, yule ambaye baadaye alisifika kwa kuifasiri ngoma ya nyuki, alieleza mwaka 1923 namna alivyomzoesha kambare mmoja kipofu kutoka pangoni pake kila apigiwapo mluzi, kwa kumpa chakula baada ya mluzi hata akaelewa. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vinavyoelea juu ya vinyweleo vya hisia, na ubavuni mwake umepita mstari wa vitundu ambao kwa huo hutambua mwendo wa maji yaliyo karibu naye. Fauka ya hayo, liko kundi kubwa la samaki ambalo Mola amelipa mfuatano wa vifupa vinavyokiunganisha kibofu cha hewa kilichomo tumboni na sikio la ndani. Ernst Heinrich Weber alivieleza vifupa hivyo mwaka 1820, na hata leo huitwa kwa jina lake. Kibofu hupokea sauti kama ngozi ya ngoma, na vifupa huipeleka sikioni. Kambare ni wa kundi hilo. Samaki wa dhahabu naye ni wa kundi hilo. Kwa hiyo katika samaki wote niliokuwa na hiari ya kuwachagua, niliwachukua wenye masikio makali, nikawafungia katika lita 60 za maji pamoja na kitu kinachochemka usiku kucha, nami nikidhani ya kuwa mwenye kudhulumika chumbani mle ni mimi.

Tangu siku ile niliacha kuuliza namna ya kuifunika pampu, nikaanza kuuliza kama inahitajiwa. Pampu haitengenezi hewa. Viputo vyake hupanda upesi mno, na sehemu kubwa ya faida yake ni kuyatikisa maji ya juu, kwa maana oksijeni huingia hodhini kwa njia ya uso wa maji, hapo maji yanapogusana na hewa ya chumba. Maji ya baridi ya nyuzi 15 huweza kushika miligramu 10 hivi za oksijeni katika kila lita. Maji ya nyuzi 30, ambayo ndiyo yetu ya Kaskazi, hayashiki zaidi ya miligramu saba na nusu. Samaki kumi wakubwa walaji katika maji ya namna hiyo ni deni lisilolipika bila ya mashine.

Katika London, mwaka 1850, Robert Warington aliwaeleza wanakemia wenziwe jaribio ambalo kwangu mimi ni bora kuliko kila pampu iliyobuniwa baada yake. Alichukua chombo cha kioo cha galoni 12, nacho ni karibu sawa na hodhi langu, akatia mchanga, majani ya majini yaitwayo valisneria, na samaki wa dhahabu wadogo. Si kumi, bali wawili. Majani yalipoanza kuoza maji yakatibuka, ndipo akaongeza konokono, nao wakayala yaliyooza, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mimea ilitoa oksijeni kwa nuru ya mchana, samaki wakaivuta, na uchafu wao ukawa mbolea. Kati ya uchafu na mbolea pana vijidudu ambavyo yeye hakuvijua, vinavyoigeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati ambayo samaki huistahimili. Navyo huchukua wiki nne hadi sita kukaa imara katika hodhi jipya, na mwenye haraka ndiye afiwaye na samaki katika muda huo.

Wale kumi niliwapeleka kwa sahibu yangu mwenye kidimbwi kipana bustanini. Nikapanda valisneria kwa wingi, nikaacha hodhi wiki sita likiwa na konokono tu, kisha nikatafakari juu ya mkazi wake. Nilimtamani mno samaki wa Unguja ambaye Georg Pfeffer alimpa mwaka 1893 jina la kitaalamu Nothobranchius guentheri, dume lake likiwa na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi: huishi katika vidimbwi vya mvua, na kabla kidimbwi hakijakauka hutaga mayai katika tope, naye akafa, mayai yakangoja kiangazi kizima ndani ya udongo hata mvua nyingine. Nasikitika kwamba huko Ulaya wafugaji wamemlea kizazi kwa kizazi, ilhali sisi wa pwani hii wachache tunaomjua hata kwa sura. Sikumpata. Nilimchukua samaki mpiganaji wa Siam, dume mmoja pekee kwa kuwa madume wawili hawakai pamoja, ambaye juu ya matamvua yake ana kiungo chenye mikunjo na vichochoro kama vya Mji wa Kale, na kwa hicho huivuta hewa yenyewe, akipanda usoni mara kwa mara. Maji yetu ya joto, ambayo wengine huyagharimia umeme, kwake ni ya asili.

Taa ya hodhi huwaka saa nane kwa siku, kisha huzimwa, kwani samaki hana kope za kufumba na kiza ni haki yake. Usiku mimea nayo huivuta oksijeni badala ya kuitoa, hata ikawa saa ya dhiki kuliko zote hodhini ni ile ya mwisho wa usiku, na ambaye amewajaza samaki kupita kiasi atawakuta wakati huo wamepanga midomo usoni pa maji wakitwetea. Ndiyo maana kila niamkapo kwa sala ya alfajiri hupita kwanza hodhini na taa ndogo ya mkono, nikiielekeza ukutani ili nuru isimpige. Pampu bado imetundikwa msumarini, na mrija wake umekauka. Leo nilimkuta amelala juu ya jani, mapezi yameshuka; akapanda, akaugusa uso wa maji kwa mdomo, akarudi pale pale, wala sikusikia kitu mpaka mwadhini alipoanza.