Ukuta Uliokataa Saruji

Chini ya ngazi za nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, kuna pipa la plastiki la buluu lililofunikwa kwa ubao na kukandamizwa kwa jiwe. Ndani mna chokaa iliyolowekwa tangu mwaka jana. Ukiichota kwa mwiko inatoka nyeupe, nzito, laini, inang'ang'ania chuma wala haidondoki. Nilifika nyumba ile kuuliza habari za kodi za pango. Nikaliona pipa, na habari za kodi zikaishia hapo.

Mwenye pipa ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi. Ameniomba nisitaje jina lake wala mtaa wake, kwa kuwa nyumba ni ya urithi, warithi ni wengi, na si wote wanaoridhia anachokifanya. Nitamwita Mwalimu, kama majirani wanavyomwita. Kazi yake siku hizi ni kubandua saruji kwenye kuta na kurudisha chokaa, chumba kimoja kimoja, kwa mikono yake mwenyewe.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kila mtu anakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Majumba makubwa yana wa kuyasemea. Nyumba za vichochoroni, zenye kamba za kuanikia nguo na watoto wanaosoma Kurani barazani, zinaoza kimya kimya, na mara nyingi zinaozeshwa na wale wale wanaozipenda.

"Tuliambiwa saruji ndiyo maendeleo," anasema Mwalimu. "Marehemu baba alipiga lipu ya saruji chumba cha chini, tukafurahi, ukuta umenyooka, unang'aa. Masika hazikupita nyingi, rangi ikaanza kufanya malengelenge. Akaitwa fundi, akabandua, akapiga saruji nzito kuliko ile ya mwanzo. Maji yakapanda juu zaidi. Akaitwa fundi mwengine."

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake ni nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Maji ya ardhini hupanda ndani yake, na zamani yalitoka bila taabu kupitia lipu ya chokaa, yakaishia hewani. Saruji inayafungia mlango. Yanapanda kutafuta pa kutokea, yamebeba chumvi, na chumvi ile ikikauka nyuma ya lipu inafanya punje zinazosukuma mpaka lipu inaachana na jiwe.

"Mvishe mtu shati la nailoni saa saba mchana," anasema, "halafu mlaumu kwa kutoka jasho."

Aliniita karibu na ukuta ambao hajaugusa bado. "Gonga hapo, mwanangu." Nikagonga kwa kifundo cha kidole, mlio ukawa mtupu. Akaegesha tindo pembeni mwa ufa, akapiga nyundo mara mbili, pole pole kwa sababu saruji ikibanduliwa kwa nguvu huondoka na uso wa jiwe. Kipande cha upana wa mikono miwili kikaanguka. Nyuma yake udongo mwekundu ulikuwa umegeuka vumbi kavu, ukamwagika sakafuni, ukaendelea kumwagika baada ya tindo kutulia. Mawe yakabaki yameegemeana, hayana kinachoyashika. Kwa nje ukuta ule ulikuwa imara, umepakwa rangi ya maziwa, umetundikwa kalenda. Sijaacha kulifikiria vumbi lile.

Dawa yake inaanzia juu. Kwanza aliziba bati linalovuja, kwa sababu kupiga lipu chini ya paa bovu ni kutupa fedha. Kisha akaubandua ukuta wa chumba cha kwanza wakati wa kaskazi na kuuacha wazi ukauke. Masika ikapita juu yake. Kipupwe kilipoingia, jua likiwa si kali, ndipo akaanza kazi.

Chokaa ya pipani ilikuja ikiwa mawe yaliyochomwa, mepesi kuliko yanavyoonekana. Mawe ndiyo yanayotiwa katika maji, kidogo kidogo. Ukiyamwagia maji kwa juu yanaweza kukurukia usoni. Maji yanachemka yenyewe bila moto, mvuke unatanda, mawe yanapasuka na kumumunyika. Mwalimu huvaa miwani ya plastiki na glavu, na wajukuu hufukuzwa ghorofani, maana chokaa mbichi hupofusha jicho. Baada ya hapo ni kungoja. Uji ule hukaa chini ya maji, usiguswe na hewa, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika. Chokaa ya mifuko pia hufaa, anasema, ila mfuko uliokaa dukani muda mrefu umeshakula hewa na nguvu zake zimekwisha.

Anachanganya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga wa shamba uliochekechwa. Wa pwani hautaki, una chumvi, na chumvi ndiyo anayopigana nayo. Ukuta unaroweshwa kwanza, kisha lipu inarushwa kwa mwiko, nyembamba, kiasi cha sentimita moja, na kusawazishwa kwa ubao. Halafu anatundika magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Nyufa ndogo zikitokea anazikandamiza tena kwa mwiko. Tabaka la pili linangoja la kwanza ligangamale, na mwisho kabisa inakuja niru, chokaa tupu iliyochujwa, inayosuguliwa mpaka ukuta unakuwa laini. Katika muda wote huo chokaa inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, aina ile ile ya jiwe iliyoingia tanuuni.

Chumba alichokimaliza nilikaa ndani yake adhuhuri, dirisha wazi, feni imezimwa, na sikutamani iwashwe. Ukuta mnene hupokea joto taratibu, na ukiwa mkavu hukaa baridi mpaka jioni. Chumba cha pili, ambacho bado kina saruji, kilinuka ukungu. Mpangaji aliyepita alikifunga madirisha akatia kiyoyozi, na kabati aliloliegemeza ukutani likaota uvundo kwa nyuma.

Mwalimu anajua pa kusimama. Boriti za dari anazichoma kwa msumari mrefu pale zinapoingia ukutani. Chini ya choo cha ghorofani msumari ulizama wote. "Hapo si pangu," alisema, akamwita mwashi mwenye uzoefu wa nyumba za zamani, ambaye alitanguliza kuweka nguzo za kushikilia dari ndipo akagusa kitu. Wengi wameumia kwa kupindua mpango huo.

Yapo nisiyoweza kuyatatua. Boriti mpya hukatwa mikokoni, na mikoko sasa inalindwa, kwa haki kabisa. Tanuu la chokaa linakula kuni nyingi. Saruji inauzwa duka la jirani, inakauka kesho, na kila kijana mwenye mwiko anaijua. Chokaa inataka miezi. Familia yenye mpangaji anayengoja kuingia itawezaje kusubiri? Na nani anawafundisha mafundi vijana kazi hii kwa malipo wanayoweza kuishi nayo?

Nilimuuliza Mwalimu kama warithi wenzake wamekubali sasa, baada ya kukiona chumba. Kaka yake amekubali. Dada yake anataka nyumba iuzwe. Mpwa wao anayeishi Muscat ametuma fedha, na katika ujumbe wake ameagiza zinunuliwe mifuko ya saruji. Mwalimu bado hajamjibu. Kwanza anataka apande ndege aje, auguse ukuta wa chumba kile na wa chumba cha pili, ndipo wazungumze.