Umefika 25 na Madogo Wanakumaliza kwa Gemu? Hii Ndio Maana, na Si Miaka Peke Yake

Ukicheza Call of Duty Mobile, PUBG Mobile ama Free Fire, lazima hii imekufikia. Umejibanza fiti nyuma ya ukuta, umetulia, unaskia hatua zinakuja. Kabla kidole kiguse kitufe, uko chini. Halafu dogo mwenye sauti bado haijavunjika anawasha maiki: "Mzae, enda ulale." Na we uko 26.

Mtaani wasee wanasemanga ukipita 24 umeisha. Vidole vimezeeka, wachia madogo. Kuna watu wameacha gemu wanayoipenda juu ya hiyo stori. Na kuna madogo, hapa ndio noma iko, wanaiskia halafu wanaanza kupiga hesabu: "Niko 17, nimebakisha miaka saba tu. Shule itaningoja."

So hii si maneno ya kucheka tu. Wacha tuichambue polepole, tuone miaka inakuibia nini kweli, na inasingiziwa nini.

Hiyo 24 ilitoka wapi?

Haikutoka hewani. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada walichukua rekodi za wachezaji 3,305 wa StarCraft 2, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda kati ya mchezaji kuangalia sehemu mpya ya ramani na kufanya kitu cha kwanza hapo. Wakapata huo muda unaanza kurefuka polepole kuanzia miaka 24. Na kuwa mnoma hakukuokoi: hata wale wa kiwango cha juu walionyesha hiyo dalili.

Sawa, hiyo ni kweli. Lakini kuna vitu viwili watu huruka wakisimulia.

Kwanza, StarCraft si gemu ya bunduki. Ni gemu ya kupanga majeshi, na hapo akili inaamua vitu vingi kwa wakati mmoja. Pili, watafiti haohao waliona wakubwa hawakukaa tu wakichapwa. Walicheza kwa njia rahisi zaidi na kutumia vitufe vya mkato, so pale walipopoteza spidi walijilipa kwa ujanja. Hiyo sehemu ya pili haipendwi mtaani juu haina matusi mazuri.

Hesabu ya milisekunde

Sasa tushuke kwa kitu kinachotubamba kwa gemu za bunduki: unaona adui, unafyatua. Mtu wa kawaida akiona kitu kimetokea kwa skrini, huchukua karibu milisekunde 200 hadi 250 kubonyeza. Sekunde moja ni milisekunde 1,000, so hiyo ni robo sekunde hivi.

Miaka inaongeza ngapi hapo? Utafiti mmoja wa Marekani wa 2015, uliopima hiyo spidi ya kuona na kubonyeza, ulipata ni karibu nusu milisekunde kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Kati ya 17 na 27 umepoteza kama milisekunde tano au sita. Ukope hauwezi hata kuanza kufunga kwa huo muda.

Usinielewe vibaya. Huo ni mtihani rahisi, kitu kimoja na kitufe kimoja. Ukiongeza kuchagua, kwa mfano adui wawili, mmoja karibu na mwingine juu ya paa, tofauti ya umri inaongezeka. Lakini anguko la ghafla ukizima mishumaa ya 25? Hakuna. Ni mteremko mdogo sana unaochukua miaka mingi.

So kama miaka imekuibia milisekunde sita, nani anakuibia zile zingine?

Mwizi mkubwa anaishi kwa pingi

Pingi ni muda data inachukua kutoka kwa simu yako hadi kwa sava na kurudi. Tuseme uko Nairobi na sava iko Frankfurt, Ujerumani. Hapo ni karibu kilomita 6,300 ukienda moja kwa moja. Ndani ya faiba, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 60, na hapo tumejifanya kebo imenyooka kama rula. Haijanyooka. Data yako inashuka hadi Mombasa, inaingia baharini, inazunguka na kupita mitambo kibao. Ndio maana ukicheza sava za Ulaya mara nyingi unaona pingi imepita 100.

Linganisha sasa. Miaka kumi: milisekunde sita. Sava ya mbali: 100 na zaidi. Huyo dogo aliyekuita mzae anaweza kuwa anaishi karibu na sava, basi. Gemu hujaribu kufidia hiyo tofauti, lakini haimalizi yote. Anayechungulia kona kwa nguvu hukuona kidogo kabla we umuone. Na hiyo faida inaongezeka pingi ikipanda. Ndio maana unakufa ukiwa ushajificha nyuma ya ukuta, unabaki unashangaa.

Halafu kuna skrini. Skrini ya hezi 60 inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ya hezi 120 inabadilisha kila 8.3. Hiyo tofauti ya karibu milisekunde nane ni kubwa kuliko kile miaka kumi imekuibia. Yaani kuna wasee wanalia wamezeeka na shida ni setingi.

Cheki umri wa wale wanalipwa

Ukitaka ushahidi, enda Counter-Strike, gemu ya bunduki yenye ligi kubwa na historia ndefu. Ni kweli madogo wako moto. Danil "donk" Kryshkovets wa Urusi alizaliwa 2007. Desemba 2024, akiwa 17, alishinda Major ya Shanghai na Team Spirit na akawa mchezaji bora wa mashindano. Huko Fortnite, Kyle "Bugha" Giersdorf wa Marekani alikuwa 16 alipobeba dola milioni 3 kwa World Cup ya 2019 jijini New York. Hakuna mtu atakudanganya ati ujana hausaidii.

Lakini angalia nani alikuwa kapteni wa donk hiyo siku: chopper, msee wa 27. Rudi nyuma hadi Mei 2022, Major ya Antwerp, Ubelgiji. FaZe wanabeba kombe. Kapteni ni Finn "karrigan" Andersen wa Denmark, miaka 32. Mchezaji bora wa mashindano ni rain wa Norwe, miaka 27. Gabriel "FalleN" Toledo wa Brazil alishinda Major mbili 2016, na 2025, akiwa 34, bado alikuwa kapteni wa FURIA.

Umeona mpangilio? Dogo anaingia mlango kwanza na kufyatua. Mkubwa anasoma gemu, anaamua timu iende wapi, anajua pesa za timu pinzani zimeisha na watanunua bunduki gani. Hiyo kazi haifanywi na vidole. Inafanywa na kumbukumbu ya mechi elfu kadhaa.

Na ukidhani 34 ni uzee, Sweden kuna timu inaitwa Silver Snipers. Ni wazee wa kustaafu kabisa, nyanya na babu, wanacheza Counter-Strike kwa mashindano. Japani kuna Hamako Mori, alizaliwa 1930. Akiwa 90, Guinness walimtambua kama mtu mzee zaidi duniani mwenye chaneli ya gemu YouTube.

Kile miaka inachukua kweli

Ukweli uko hapa, na haukai kwa vidole.

Kwanza ni masaa. Ukiwa 16 na shule imefungwa, unaeza cheza masaa nane kwa siku. Ukiwa 26 kuna kazi, kuna matatu ya kukwama Thika Road, kuna rent, kuna labda mtoi. Unabaki na saa moja usiku, na hiyo saa unakutana na mtu aliyecheza nane. Anakushinda kwa mazoezi, halafu we unalaumu cheti cha kuzaliwa.

Pili ni usingizi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2000 ulionyesha mtu akikaa macho masaa 17 hadi 19, anaanza kufanya mambo kama mtu ako na pombe ya asilimia 0.05 kwa damu, na wakati mwingine vibaya zaidi. Ukiamka saa kumi na moja asubuhi kuwahi kazi, masaa 17 yanaisha saa nne usiku. Na hapo ndio we unaingia lobi. Buda, unacheza ukiwa umelewa na hujagusa hata chupa.

Tatu ni mikono. Kiganja na kidole gumba huumia kwa kurudia kitu kimoja, na hii haichagui umri. Olof "olofmeister" Kajbjer wa Sweden, mmoja wa wakali wa Counter-Strike wa wakati wake, alilazimika kupumzika 2016 juu ya jeraha la mkono. Alikuwa na miaka 24. Kidole kikianza kufa ganzi ama kuuma ukishika kikombe, usijikaze. Pumzika, na isipoisha ona daktari.

Nne ni macho. Ukikaribia 40 na zaidi, kuangalia kitu cha karibu kunaanza kuwa kazi. Hiyo inatibika na miwani. Usiishushie ranki yako.

Sasa ucheze aje?

Chagua sava yenye pingi ndogo kwanza, hata kama mbogi yako imezoea nyingine. Counter-Strike kwa mfano iko na sava Dubai na Johannesburg, na zote ziko karibu na sisi kuliko Ulaya. Ukiweza, tumia waifai ya faiba badala ya bundles, na kaa karibu na ruta.

Ingia setingi, shusha urembo wa picha, pandisha fremu hadi mwisho wa kile simu yako inabeba. Vivuli vizuri vya miti havijawahi kumwokoa mtu.

Usishindane na dogo kwa kitu anakushinda. Kama unajua mtatokeana ana kwa ana na pingi yako iko juu, usikae kona moja ukimngoja. Badilisha mahali kila baada ya kufyatua. Weka shabaha yako mapema pale kichwa kitatokea, ndio kazi ya kidole ikuwe kubonyeza tu. Mtu aliyelenga kabla ya adui kutokea hahitaji spidi ya donk.

Cheza na watu unajua, na mbonge. Msee mmoja mtulivu anayesema "wawili kushoto, mmoja amejeruhiwa" ana faida kuliko watatu wanaokimbia kila mmoja na njia yake.

Na ile saa yako moja, igawanye. Dakika 15 za kulenga kwa uwanja wa mazoezi, halafu mechi mbili tatu ukiwa bado fiti. Ukipoteza mbili mfululizo na macho yanafunga, zima. Ranki nyingi hupotea baada ya saa sita usiku.

Na kama we ndio uko 17

Hii ni yako. Ndio, wale wa juu kabisa huanza mapema. Ukitaka kulipwa na timu kubwa za dunia, kuanza ukiwa 27 ni ngumu sana, na sitakudanganya. Lakini saa haigongi kengele ukifika 24. Rain alikuwa bora wa Major akiwa 27. Hakuna haja ya kutupa shule mwaka huu juu unaogopa vidole vitaoza ukingoja KCSE. Mi sikumaliza campus, so si lecture nakupea. Nakupea hesabu: kumaliza shule kunakugharimu labda milisekunde moja. Kuiacha kunagharimu zaidi, na hiyo hairudi kwa setingi.

Na we wa 26 uliyeambiwa ukalale? Kama ni saa saba usiku, dogo amesema ukweli. Enda ulale, kesho umtafute na pingi ya 40.