Tuongeze memori, ao tuuze hivi hivi?

Juma hili tunaleta jambo la nyumbani kwetu, maana tunajua si sisi peke yetu tulio na ordinateri ya zamani juu ya kabati.

Yetu tuliinunua mkono wa pili wakati tulipokuwa tunaandika TFC. Imeandika mitihani na mabuletini ya watoto wa watu kwa miaka mingi. Sasa binti yetu mkubwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, pesa ya Exetat inatakiwa mbele ya mwisho wa mwezi, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Tukakata shauri kuiuza.

Fundi mmoja hapa Lubumbashi akaifungua, akasema: «Mama, iko na jiga 2 tu za memori. Tia bareti ya jiga 4, itakimbia, utaiuza bei nzuri.» Papa wa nyumba alikuwa tayari kutoa makuta. Sisi na binti tukaomba siku moja ya kupiga hesabu.

Bareti iliyokwisha kutumika, dola 15. Kazi ya fundi, dola 5. Kisha tukapita kwa wauzaji watatu. Jinsi ilivyo, wote walisema dola 60. Ikiwa na jiga 6, wawili walipandisha mpaka 70. Wa tatu alibaki palepale. Basi tungetia 20 ili tupate 10!

Na hakuna hata mmoja aliyeanza na memori. Wote waliuliza kwanza: «Betri inashika muda gani?» Hapa kwetu umeme unaenda bila kuaga, swali hilo ni la haki. Yetu inashika dakika kumi. Kisha wakaangalia kioo, vitufe, na kama sharja ni ya kweli.

Si kusema memori ni kitu bure. Darasani tungeieleza hivi: diski ni kabati la vitabu, memori ni meza ya mwalimu. Meza ikiwa ndogo, unaamka kila mara kwenda kabatini. Kama tungeiweka kwa ajili ya watoto, tungeongeza. Lakini mbele ya kununua, fungua programu unazotumia, kisha bonyeza Ctrl, Maj na Echap pamoja, utazame memori: ikiwa karibu kujaa, bareti itasaidia. Ikiwa nusu iko wazi, uzito unatoka pengine, mara nyingi kwenye diski. Uliza pia aina yake, kwa sababu bareti ya DDR4 haiingii mahali pa DDR3. Kuna masini ambayo memori yake imeunganishwa kabisa na haiongezwi. Na Windows ya biti 32 haipiti jiga 4, hata ukitia zaidi. Ya kwetu ilikuwa hiyo! Fundi hakutuambia, binti ndiye aliyeiona.

Lakini binti akatuuliza: «Na yule atakayeinunua, atateseka na jiga 2?» Swali hilo lilitukalia rohoni, maana mnunuzi aliyepatikana ni mwanafunzi, naye anaandika TFC yake.

Tukamwita nyumbani, tukamwambia yote: betri, jiga 2, Windows ya biti 32, asifungue mambo mengi mara moja. Tukamwandikia kwenye karatasi aina ya bareti, siku akipata pesa. Alikaa, akafungua Word, akaandika jina lake na kichwa cha kazi yake, akangoja kuona kama itakwama. Haikukwama. Akaomba tupunguze dola 5 kwa sababu ya betri. Tulipunguza.

Usiku uliotangulia tulikuwa tumehamisha picha na pointi za wanafunzi kwenye kle, halafu fundi akafuta diski nzima na kuweka Windows upya, kwa maana kutupa kwenye pubele hakutoshi. Kwa kazi hiyo alichukua dola 5 zake.

Zikabaki 50. Jumatatu asubuhi binti alizipeleka shuleni mwenyewe, akarudi na risiti.