Jinsi Data Inavyopata Njia Mkongo Unapokatika

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, hali iliyodhoofisha huduma ya intaneti nchini Tanzania na nchi jirani. Huduma haikuzimika kabisa, kwa kuwa sehemu ya data ilielekezwa katika njia nyingine.

Kazi hiyo hufanywa na ruta. Kila ujumbe hugawanywa katika pakiti ndogo zenye anwani ya IP ya mpokeaji. Ruta husoma anwani hiyo na kuipeleka pakiti kwa ruta inayofuata. Ndani ya mtandao wa kampuni moja, ruta hupashana taarifa za viungo vilivyo hai na kuchagua njia nafuu. Baina ya kampuni hutumika itifaki ya BGP, ambapo kila mtandao hutangaza anwani unazoweza kuzifikia. Hapo uchaguzi wa njia hutegemea pia mikataba ya kibiashara.

Mkongo ukikatika, matangazo ya njia hiyo huondolewa na ruta huchagua nyingine. Hata hivyo, njia iliyobaki ikizidiwa, msongamano hutokea. Ndiyo maana mikongo mbadala ni muhimu, sawa na vituo vya kubadilishana data, kama TIX cha Dar es Salaam, vinavyowezesha mawasiliano ya ndani kutozunguka ughaibuni.